Ngome Iliyokataa Begi

Vitabu vinasema ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga ilihamwa na wakazi wake wa mwisho karne iliyopita, na tangu hapo ni gofu tu. Nadhani walioviandika waliingia mikono mitupu. Mimi niliingia na begi la lita 60 mgongoni, mwezi wa Februari, saa saba mchana, na natoa ushahidi kwamba ngome ile haijastaafu. Ilijengwa ili mtu asiyealikwa, mwenye mzigo na haraka, apate tabu ya kuingia. Karibu miaka mia tano baadaye tabu hiyo ipo pale pale, haijapungua hata chembe, na hailipishwi zaidi ya kiingilio.

Begi lenyewe halikuwa langu. Nililiazima Nairobi kwa rafiki ambaye aliwahi kuzunguka mahekalu ya Angkor, na tangu arudi hawezi kukueleza bei ya nyanya bila kupitia Kambodia. Alinihakikishia kuwa magofu ya kale hayaendewi ovyo. Kwanza begi lenye mkanda wa kifuani na wa kiunoni, ili uzito usambae. Halafu buti ngumu zinazoshika vifundo vya miguu, kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, jiko la gesi la ukubwa wa ngumi, tochi ya kichwani, kamba, na hema. Nilimwuliza hema ni la nini, ilhali nalala kwa mjomba wangu Masara, kitandani, chini ya neti. Akanitazama kwa huruma.

"Hema," akasema, "huwezi kujua."

Nikamkumbusha kwamba Thimlich Ohinga si hekalu. Hakuna sanamu wala madhabahu. Ni maboma: kuta za mawe zilizozungushiwa nyumba na ng'ombe. Akajibu kwamba jua halichagui dini.

Hapo sina ubishi naye. Nyatike, ilikojengwa ngome hiyo, ni sehemu inayofanya mambo yake kwa ukamilifu. Mvua za masika zikinyesha huko juu, Mto Kuja huvunja kingo na kuingia mashambani na majumbani bila hodi. Ukifika Februari, nchi ile ile imekauka mpaka nyasi zinalia ukizikanyaga, na mbuzi wanajipanga kwenye kivuli cha nguzo ya stima, mmoja nyuma ya mwenzake, wakisogea kadiri kivuli kinavyosogea.

Basi nikafika Masara. Kwa asiyepajua, Masara ni soko la Suna Magharibi, Kaunti ya Migori, na sehemu kubwa ya watu wake huamka wakiwaza dhahabu. Vijana hushuka mashimoni kwa kamba, mawe hupandishwa kwa magunia, hupondwa kwa nyundo, husagwa mashineni mpaka yawe unga. Unga huo huoshwa kwa maji kwenye mteremko uliotandikwa magunia, na mwishowe zebaki hukusanya kile kidogo kinachong'aa, pamoja na magonjwa ambayo hayang'ai. Kwa kifupi, Masara jiwe zima ni jiwe ambalo halijashughulikiwa bado.

Mjomba wangu aliniona asubuhi nikijifunga mikanda uani. Akaweka chini kikombe cha chai.

"Okewa, unahama?"

"Hapana, nera. Naenda Thimlich Ohinga."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia ukuta wa mawe."

Akageuka kutazama lundo la mawe nyuma ya jiko, mawe ambayo yalikuwa yanasubiri zamu yao ya kusagwa, kisha akanitazama tena. Hakusema neno. Mkaza mjomba ndiye aliyenusuru heshima yangu. Alisema mtoto asiachwe aende njaa, akaingia jikoni, akatoka na viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya uji wa wimbi uliochacha. Chupa hiyo nieleze vizuri, maana ina sehemu yake mbele. Ni ya lita mbili, plastiki nzito, kifuniko cha buluu kinachozungushwa mpaka kilie. Ilikuja na juisi kwenye harusi fulani zamani, juisi ikanywewa, chupa ikabaki katika familia. Aliijaza mpaka shingoni, akaikaza, akaichomeka kwenye mfuko wa wavu ubavuni mwa begi.

"Chupa irudi," akasema.

"Itarudi, mama."

Kijana wa boda niliyempata barabarani alilizunguka begi, akalipiga kofi mara moja, akasema mimi shilingi mia tano na begi mia tatu. Nilidai begi halina makalio ya kukalia. Akasema kweli, ndiyo maana litakaa juu yangu, na mimi juu ya pikipiki yake. Hesabu ilikuwa safi, nikapanda.

Kupanda mlima ukiwa na begi la namna ile nyuma ya boda ni jambo ambalo rafiki yangu wa Kambodia hakulitaja. Uzito hausambai hata kidogo. Unakusanyika, unashika mabega, unakuvuta kuelekea ulikotoka. Kila mwinuko nilikuwa nalala chali hewani, mikono imemkumbatia kijana wa watu kiunoni, gurudumu la mbele likiigusa barabara kwa kukumbuka tu. Kwenye mteremko begi lilinisukuma nikambandika yeye kwenye usukani. Vumbi likapanda, likatua juu yetu na likakaa.

Tulipofika sehemu za Macalder nikaanza kuona kwamba nimekuwa mtu mashuhuri. Macalder palikuwa na mgodi mkubwa, shaba na dhahabu, uliofungwa 1966. Mgodi ulifungwa, tumaini halikufungwa. Kwa hiyo mtu mgeni anapotokea katika nchi ile amevaa buti na kofia yenye pazia, na begi lenye mifuko na vyuma vinavyoning'inia, hakuna anayejiuliza amekuja kufanya nini. Tuliposimama kununua maji, mwanamume mmoja alinisogelea, akainama sikioni.

"Omera, hiyo mashine inaona futi ngapi chini?"

Nikamwambia si mashine, ni hema. Naenda kuangalia ukuta wa kale.

"Ukuta," akasema, akitikisa kichwa polepole, na akanipa namba yake ya simu.

Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyoaminiwa. Tulipoondoka, pikipiki nyingine iliondoka nyuma yetu, imebeba vijana wawili, karai, na sururu. Nikimwambia kijana wangu apunguze mwendo, nao wanapunguza. Tukisimama kuchimba dawa, nao wanasimama mbali kidogo, wanatazama juu mbinguni.

Kabla hatujafika, tairi la nyuma likapasuka. Kijana aliliangalia, akaliangalia begi, hakuhitaji kusema. Fundi alikuwa nyuma tulikotoka. Ngome ilikuwa mbele. Akasema nifuate tu njia, haipotezi mtu. Wale wawili wa sururu wakashuka, na wao wakaanza kutembea, wakiikokota pikipiki yao.

Sasa buti. Mwenye buti alikuwa amezihifadhi kabatini kwa heshima kubwa tangu Kambodia, na viatu vya aina hiyo vikikaa miaka bila kuvaliwa, nyayo zake huoza kimya kimya huku ngozi ikibaki inang'aa. Wa kushoto uliachia kwanza, ukawa unapiga makofi kila hatua. Wa kulia ukaona wivu. Nilikuta mzee amekaa chini ya mti na mbuzi wake, mguuni amevaa akala za tairi ambazo bila shaka zilikuwa zimeshazunguka Afrika Mashariki zikiwa chini ya lori kabla ya kuja kwake. Nikamsalimu, "Oyawore, jaduong'," ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita zamani. Akaitikia kwa upole, akasikiliza makofi yangu yakipita, akaniita nirudi. Alitoa ukanda wa mpira wa baiskeli, akakata vipande viwili, akafunga buti zangu mwenyewe, polepole, akikaza kwa meno.

"Wuoda," akasema alipomaliza, "viatu hivi ni vya kuonyeshea watu. Kutembea, sijui."

Wakati huo simu yangu nayo ilijiondoa. Nilitaka kumpiga picha mzee na kazi yake. Ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi na inapumzika. Nilisoma ujumbe ule mara mbili kwa uchungu. Chombo kilichotengenezwa kiwandani, kisicho na damu wala jasho, kilikuwa na haki ya kupumzika, na mimi sina.

Nilipofika langoni mwa eneo linalotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mwongozaji alikuwa kivulini, shati safi, hana hata tone la jasho. Nililipa. Wale vijana wawili wakafika. Aliwauliza wanataka nini. Wakatazamana, wakanitazama mimi, wakasema wako na huyu. Akawaambia walipe, na sururu ibaki nje. Walilipa. Hadi leo sijui walikopa wapi ujasiri huo. Kisha mwongozaji akaligeukia begi.

"Hilo waweza kuliacha hapa ofisini."

Nikasema litakwenda nami. Kule Kambodia watu hawatengani na mabegi yao.

"Haya," akasema. "Mtaelewana langoni."

Nieleze kidogo tunachokiendea, maana wengi wa huku wanakipita kwenye basi wakilala. Thimlich Ohinga iko kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, kwenye kilima chenye mawe yaliyojaa kila mahali, na hilo ndilo jibu la kwa nini palijengwa hapo: mawe yalikuwepo. Yapata karne ya 16 watu walianza kuyapanga kuwa kuta. Kuna maboma manne makubwa, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na Kochieng ndilo kubwa kuliko yote. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, unene wake kama mita moja. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna hata udongo wa kushikiza. Na mawe hayakuchongwa. Great Zimbabwe, ambayo watu huifananisha nayo, ina kuta zinazofika mita 11, lakini fundi wa kule alipata granaiti inayopasuka vipande vya kupendeza, akazidi kuichonga hadi ikalingana. Wa hapa aliokota jiwe lilivyo, lenye kona zake na kiburi chake, akalitafutia jirani wa kufanana nalo. Gedi kule Pwani, iliyoingia Urithi wa Dunia 2024, kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na juu yake kuna miti mirefu ya kivuli. Ninaitaja Gedi kwa sababu ya kivuli tu.

Thimlich Ohinga iliingizwa kwenye orodha hiyo ya UNESCO mwaka 2018, ya saba kwa Kenya, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain. Natumaini wajumbe walitoka nje mchana angalau mara moja, wakapata picha.

Mwongozaji akatangulia, akainama, akapotea ndani ya ukuta wa Kochieng. Lango ni fupi. Juu yake pamelazwa mawe marefu ya kubeba uzito, na unapita chini yake umejikunja, kichwa mbele. Niliinama. Nikaingia kichwa, mabega, kifua. Kisha kitu kikanishika kwa nyuma, kwa upole na uthabiti, na safari yangu ikaishia hapo.

Begi lilikuwa limenasa. Juu lilikwama kwenye jiwe la lango, na vyuma vyake vya pembeni vikaingia kati ya mawe. Nikajaribu kurudi, mkanda wa kiunoni ukapanda mbavuni. Nikajaribu kufungua kifungo cha kifuani. Plastiki ilikuwa imelainika kwa joto, ikabonyea bila kuachia. Uso wangu ulikuwa ndani ya Kochieng, sehemu iliyobaki ilikuwa nje, ikitazamwa na vijana wawili wa Macalder.

Mwongozaji aligeuka. Hakushtuka. Alichuchumaa mbele ya uso wangu kwa utulivu wa mwalimu aliyepata kifaa cha kufundishia.

"Sasa uko katika mkao wenyewe," akasema. "Malango yalifanywa mafupi makusudi. Adui, mwizi wa ng'ombe, yeyote, lazima aingie mmoja mmoja, na lazima ainame. Anayeinama hawezi kurusha mkuki. Na karibu na lango, ndani, kulikuwa na mlinzi." Akanyoosha mkono wazi juu ya shingo yangu, bila kunigusa, kuonyesha mlinzi angesimama wapi na rungu lake.

Nikamwambia nimeelewa. Akasema watu wengi husema hivyo wakiwa wamesimama.

Ukinaswa mahali muda wa kutosha, unaanza kupaona. Nilikuwa na jiwe la Kochieng umbali wa kidole kutoka puani. Lilikuwa la kijivu, limejaa madoa ya ukungu mkavu rangi ya haradali, na nyuma yake niliona kazi ambayo ukipita wima huioni: kumbe ukuta si mmoja. Kuna uso wa nje wa mawe makubwa, uso wa ndani wa mawe makubwa, na kati yake tabaka la mawe madogo madogo yaliyoshindiliwa, yakizifunga zile nyuso mbili zisiachane. Mjusi mwenye kichwa chekundu alitoka kwenye tundu moja, akanyanyua kifua mara kadhaa mbele yangu, akarudi. Na jambo la ajabu, nilikuwa nasikia baridi. Hewa ilipita kati ya mawe ikitokea sijui wapi, ikanipuliza shingo. Unene wa mita moja wa ukuta ulikuwa unanikinga na lile jua lote. Mtu akitaka kivuli cha kweli Nyatike mwezi wa Februari, ushauri wangu ni akae katikati ya lango la Kochieng. Nafasi ni ya mmoja.

Nyuma yangu vijana wa sururu walikuwa wameacha kunitazama mimi, wanatazama mawe. Hawa ni watu wanaofanya kazi chini ya mawe kila siku, na wanajua jiwe likiamua kushuka haliombi ruhusa. Nikasikia mmoja akimwuliza mwongozaji, sauti imepita juu ya mgongo wangu: "Hapa juu ya mlango hakuna nguzo ya mti. Inashikwa na nini?" Mwongozaji akasema inashikwa na uzito wake mwenyewe, na yale mawe ya pembeni yaliyofungamana, ndiyo maana mlango unanenepeshwa pande zote mbili. Kijana akakaa kimya. Kisha akasema, kwa heshima ambayo Masara huwekewa mizani peke yake, "Huyu fundi alikuwa mtu."

Hapo ndipo wakaamua kunitoa. Mmoja akashika begi, mwingine akanishika miguu. Wakavuta.

Uji wa wimbi uliochacha una tabia moja: hauachi kuchacha kwa sababu tu umefungwa. Ulikuwa umetikiswa toka Masara, umepigwa na jua la njia nzima, na ndani ya chupa ya harusi hewa ilikuwa imejazana ikitafuta pa kutokea. Begi lilipogusa jiwe, chupa ilibanwa tumboni. Nilisikia mlio. Kifuniko kiliruka, na uji ukatoka kwa nguvu ambazo ngome ile, nadhani, haikuwahi kushambuliwa nazo. Mwingi uliingia kwenye kola yangu. Ulioponea ukapiga ukuta.

"Ukuta!" mwongozaji akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza nikamwona na jasho.

Alitoa leso yake, akaanza kupangusa Urithi wa Dunia, jiwe moja moja, taratibu, bila kusukuma. Akaomba maji. Maji niliyokuwa nayo, ndiyo hayo ya kunywa, yalipitishwa juu ya kichwa changu yakaenda kuosha karne ya 16. Nyuma walivuta tena. Kifungo cha kifuani kikakubali kuvunjika, begi likatoka kwa nje na mimi nikatoka kwa ndani, kila mmoja upande wake, na ndivyo nilivyoingia Thimlich Ohinga.

Ndani ni pana kuliko unavyotarajia. Kuna alama za duara ardhini zilipokuwa nyumba, vizuizi vidogo vya mawe vya mifugo, mawe ya kusagia nafaka yaliyolika katikati kwa mikono ya watu. Kaskazini mwa Kochieng, nje kidogo, palikuwa pa kufulia chuma. Waliokaa humo hawakuwa jamii moja. Wabantu na Waniloti walipishana kwa karne nyingi, na kila waliokuja waliziba palipobomoka na kuendelea. Wataalamu wamehesabu maboma ya namna hii 521 katika sehemu 139 za eneo hili la kusini-magharibi mwa Kenya; mengi yamebomoka au mawe yake yameenda kujenga vitu vingine. Nilimwona kijana mmoja wa sururu akipiga hesabu ya mawe hayo machoni, kisha akaiacha. Nampa sifa.

Nilitafuta pa kukaa. Miti inayosimama juu ya kuta zile ni ile ya kijani yenye matawi yaliyonyooka juu mfano wa kinara cha mishumaa, na haina jani hata la dawa. Kivuli chake ni cha kuhesabu vidole. Nikataka kushika tawi nijisogeze, mwongozaji akaniwahi. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi, na ukiingia jichoni utatafutana na daktari. Kwa hiyo nilisimama juani, nanuka uji, sina maji, nasi tukaendelea na historia.

Walioniokoa kwa maji ni wale wale wawili. Walikuwa na kibuyu cha plastiki cha lita tano, wamekifunga kwa gunia lililolowanishwa ili maji yabaki baridi, ujuzi wa watu wa mashimoni. Hakuna kati yao aliyekuwa na kofia yenye pazia. Tulikunywa, kisha tukacheza bao kwenye mashimo yaliyochongwa juu ya mwamba, kwa kokoto. Walinifunga haraka sana, wakachezana wenyewe. Katikati ya mchezo wa pili, bila kuinua kichwa, mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli begi lina hema tu. Nikalifungua. Akatoa hema, akatoa jiko la gesi, akalitazama kwa muda.

"Hii inapika nini?"

"Chai."

"Na chai iko?"

Haikuwepo. Nilibeba kila kitu isipokuwa majani.

Ndipo nilipokumbuka chupa. Tuliipata chini ya lango, iko nzima, tupu. Kifuniko hakikuonekana. Tukapekua nyasi, tukapekua begi, nikapekua kola. Mwishowe kijana mwenye macho ya kutafuta vitu vidogo kwenye mawe ndiye aliyekiona: kilikuwa kimepenya kwenye ufa wa ukuta, juu kidogo ya lango, kimekaa ndani sana, buluu inaonekana kwa mbali. Alinyoosha mkono ukaingia hadi kiganja tu. Akaweka vidole kwenye jiwe la pembeni alisogeze.

"Wacha," mwongozaji akasema, na safari hii hakupiga kelele. "Jiwe hilo limeshika lile, na lile limeshika lango." Akaeleza kwamba ukuta usio na saruji hauna jiwe la ziada, mbuzi akipanda, mti ukiota ndani yake, mtu akivuta moja, sehemu nzima inaweza kumwagika, na kurudisha ni kazi ya mafundi wanaojua. Kifuniko kitakaa. Watakapokuja wa ukarabati, watakitoa. Akaandika kwenye daftari lake. Sikuona alichoandika, ila aliniuliza rangi.

Tulirudi kwa pikipiki ya wale vijana, wanne kwa hesabu ya kule, mmoja wetu akiwa begi. Masara tulifika giza linaingia, mashine za kusaga bado zinanguruma. Mjomba alikuwa pale pale alipokuwa asubuhi, na lundo lake la mawe lilikuwa limepungua. Akaniangalia mpira wa baiskeli miguuni, uji uliokauka shingoni, akauliza ukuta ukoje.

"Umesimama," nikasema.

"Vizuri."

Mkaza mjomba alipokea chupa. Akaigeuza, akatazama mdomo wake.

"Kifuniko?"

Nikamweleza. Nilijitahidi nisiruke kitu: karne ya 16, tabaka tatu, jiwe linaloshika jiwe, Bahrain, UNESCO, na kwamba kifuniko chake kimekaa kwenye jengo ambalo dunia nzima imekubali kulilinda. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni.

"Hao watu wa Bahrain," akasema, "wana chupa ya kukiweka?"

Nikasema sidhani.

"Basi kesho utarudi, uwaambie kina mwenyewe."